Mkopo wa HESLB: mwongozo kamili wa kuomba bila fomu yako kukwama njiani

Kila mwaka majina ya awamu ya kwanza yakitoka, maswali huwa yale yale. "Mimi ni yatima, mbona sijapangiwa?" "Nililipa elfu thelathini mapema, kwa nini akaunti inasema maombi hayajakamilika?" "Rafiki yangu tumetoka mtaa mmoja, yeye kapata mimi sijapata."

Ukikaa na waulizaji hawa na kufungua akaunti zao, wengi utakuta sifa wanazo. Kilichokwama ni karatasi: cheti cha kifo hakijahakikiwa, ukurasa wa mdhamini haujapandishwa, jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha kidato cha nne. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) haijawahi kufika kwenu. Haijui paa lenu linavuja wala kwamba bibi ndiye aliyekulea. Inaona ulichoandika na karatasi ulizoambatisha, basi. Shida ambayo haina karatasi, kwenye mfumo haipo.

Mwongozo huu ni wa anayeomba kwa mara ya kwanza, shahada ya kwanza, Tanzania. Wa stashahada anaweza kuufuata pia, kwa sababu tangu mwaka wa masomo 2023/24 serikali inakopesha baadhi ya fani za ngazi hiyo, zikiwemo afya, ualimu wa sayansi, uhandisi na kilimo. Hatua za mfumo ni zile zile. Ila ahakikishe kwanza kwamba fani yake imo kwenye orodha ya mwaka husika.

## Je, unastahili kuomba?

Jibu haya kabla hujatoa hata shilingi:

- Wewe ni Mtanzania na umri wako hauzidi miaka 35.
- Umeomba au umepata udahili wa masomo ya muda wote katika chuo kinachotambulika.
- Huna ajira ya mshahara wala mkataba wa kukuingizia kipato.
- Ulimaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita.
- Kama uliwahi kukopeshwa ukaacha chuo, umerejesha angalau asilimia 25 ya deni hilo.

Kigezo cha mwisho huwashtua watu. Kama uliacha chuo miaka ya nyuma, deni linakusubiri chini ya jina lako, na kuomba upya kwa namba nyingine ya mtihani hakulifuti. Anza na deni.

Kwa Mzanzibari: Zanzibar ina bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu. Chagua mlango mmoja. Kuchukua mikopo miwili kwa masomo yale yale hairuhusiwi, na ukigundulika matatizo yake ni makubwa kuliko fedha ulizopata.

Na kama ulifaulu kwa alama za juu kabisa kwenye tahasusi za sayansi kidato cha sita, angalia orodha ya Samia Scholarship kabla ya kuendelea. Huo ni ufadhili, haurejeshwi. Ulianza mwaka wa masomo 2022/23, na jina lako likiwemo unaomba kupitia Bodi hiyo hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Usifungue mfumo kabla hujakusanya hivi. Anayejaza huku akitafuta ndiye anayekwama katikati.

Vya kila mwombaji

- Namba ya mtihani ya kidato cha nne, na ya kidato cha sita au namba ya stashahada. Kama ulirisiti, namba zote za mitihani uliyofanya.
- Cheti cha kuzaliwa pamoja na uthibitisho wake kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Aliyezaliwa Zanzibar anahakiki kwa wakala wa usajili wa matukio ya kijamii wa huko.
- Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kama kadi haijatoka, namba inatosha kuanzia.
- Picha ya pasipoti, yako na ya mdhamini.
- Kitambulisho cha mdhamini: cha NIDA, cha mpiga kura, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria.
- Akaunti ya benki yenye jina lako mwenyewe.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na barua pepe ambayo nywila yake unaijua wewe.
- Shilingi 30,000 za ada ya maombi, pamoja na nauli na hela ya kuchapa na kuskani.

Vya kuthibitisha hali yako

- Yatima: cheti cha kifo cha mzazi au wazazi, kilichohakikiwa.
- Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu: fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa.
- Kaya inayonufaika na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini: namba ya kaya.
- Uliyesomeshwa na mfadhili sekondari au stashahada: uthibitisho wa maandishi kutoka kwa mfadhili huyo.

## Hatua ya 1: Linganisha majina kabla ya jambo lolote

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba ya NIDA na kadi ya benki. Soma jina moja moja, herufi kwa herufi.

"Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili kwa mfumo. "Elizabeth" na "Elizabeti" vilevile. Shuleni mwalimu aliandika majina mawili, RITA wakaandika matatu, NIDA wakaweka la babu katikati. Nyumbani hakuna aliyejali kwa sababu wote mnajua ni wewe.

Ukikuta tofauti, una njia mbili. Kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, omba RITA wakirekebishe. Kama jina la shuleni ndilo lililobadilika na haliwezi kurudi, nenda kwa wakili akuandikie hati ya kiapo ya majina, kisha hati hiyo isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Iliyogongwa muhuri wa wakili ikaishia mfukoni haitoshi kila mahali.

Jambo hili linakula wiki, siyo siku. Ndiyo maana ni hatua ya kwanza, na inafaa kufanywa ukiwa bado kidato cha sita, likizo ya Desemba.

Utajua umefaulu pale majina kwenye vyeti vyote yanaposomeka sawa, au una hati iliyosajiliwa inayoeleza tofauti.

## Hatua ya 2: Hakiki vyeti RITA

Kuwa na cheti cha kuzaliwa ni jambo moja, na cheti hicho kuhakikiwa ni jingine. Bodi inataka uthibitisho kwamba cheti ni halali na kimo kwenye kumbukumbu.

Unajisajili kwenye mfumo wa RITA wa mtandaoni, unapandisha nakala ya cheti, unapewa namba ya malipo, unalipa, unasubiri majibu. Skani cheti chenyewe, si kivuli cha kivuli. Vile vyeti vya zamani vilivyojazwa kwa mkono, wino ukiwa umefifia, ndivyo vinavyorudishwa zaidi, hivyo piga picha yake mchana kwenye mwanga, ukiwa umekilaza juu ya kitu cheusi, halafu vuta uone kama namba ya ingizo inasomeka.

Huna cheti kabisa? Nenda ofisi ya RITA ya wilaya, ambayo kwa kawaida iko kwenye jengo la Mkuu wa Wilaya. Beba barua ya serikali ya mtaa au kijiji na cheti chako cha shule.

Sasa niseme kuhusu cheti cha kifo, maana hapa ndipo wanaostahili kuliko wote wanapoachwa.

Mzazi alifariki kijijini, akazikwa siku ya pili. Hakuna aliyekwenda kusajili. Pengine kibali cha mazishi kilitolewa kikapotea kwenye sanduku la shangazi. Miaka kumi baadaye mtoto anajaza "yatima" kwenye fomu, hana cha kuambatisha, na mfumo unamhesabu kama mtu mwenye wazazi wawili. Barua ya mtendaji inayosema "namfahamu kijana huyu, ni yatima" haichukui nafasi ya cheti.

Kifo cha zamani kinaweza kusajiliwa hata leo. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji alikozikwa marehemu, siyo unakoishi sasa. Tafuta kibali cha mazishi. Kama alifia hospitali, ulizia kumbukumbu huko. Kisha nenda na mzee wa familia ofisi ya RITA ya wilaya hiyo. Kama ni mbali, mtumie mjomba au baba mdogo aliye jirani, na umtumie picha ya kila karatasi inayotakiwa ili asiende na kurudi. Cheti kikitoka, nacho kinahakikiwa kama kile cha kuzaliwa. Watu wanadhani kwa kuwa kimetoka RITA jana basi kimeshahakikiwa. Hapana.

Onyo: msimu wa maombi foleni ya uhakiki hurefuka. Anayeanza Agosti anacheza na bahati.

Utajua umefaulu ukipata majibu yanayosema cheti kimethibitishwa, pamoja na namba ya uhakiki. Iandike mahali pawili.

## Hatua ya 3: Jisajili kwenye mfumo wa Bodi

Mfumo unaitwa OLAMS, anwani yake ni olas.heslb.go.tz. Miaka ya karibuni dirisha limekuwa likifunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti. Huongezwa siku chache mara nyingine, kama 2024 lilivyosogezwa hadi katikati ya Septemba, lakini usiweke hesabu zako kwenye nyongeza.

Soma kwanza mwongozo wa mwaka huo, ambao Bodi huuweka kwenye tovuti yake kwa Kiswahili na Kiingereza. Unasomeka kwa saa moja. Vigezo hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, na kaka yako aliyeomba miaka mitatu iliyopita anakumbuka vya mwaka wake.

Unajisajili kwa namba ya kidato cha nne. Mfumo unavuta jina lako kutoka NECTA, Baraza la Mitihani. Namba unayoingiza hapa lazima iwe ile ile uliyoombea chuo. Waliorisiti ndio huanguka hapa: kaombea chuo kwa namba ya mwaka wa kwanza, mkopo kwa namba ya kurisiti. Bodi ikipokea majina ya waliodahiliwa, namba hazikutani, na mwombaji anaonekana hana chuo. Tumia namba moja kila mahali, nyingine uziweke pale mfumo unapouliza kama ulifanya mtihani zaidi ya mara moja.

Uliyesoma nje ya nchi unahitaji kwanza namba ya ulinganifu wa cheti kutoka NECTA.

### Steshenari: saidiwa, lakini usikabidhi

Wengi wetu hatuna kompyuta nyumbani. Tunakwenda steshenari, kijana wa pale anajaza, tunamlipa. Hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale anapoweka namba yake ya simu "ili iwe rahisi", anatengeneza barua pepe anayoijua yeye, na nywila inabaki kwenye daftari lake. Oktoba mfumo unakutaka urekebishe kitu, kijana amehama mji.

Kaa naye bega kwa bega. Simu yako, barua pepe yako, nywila uichague wewe na uichape kwa mkono wako. Maswali kuhusu wazazi ujibu wewe. Yeye akijaza kwa kukisia, anayekisiwa ni mama yako. Ukimaliza, toka kwenye akaunti na ufute mafaili yako kwenye mashine yake.

Mtu anayekwambia ana "mtu wake Bodi" anayeweza kukupangia asilimia mia kwa ujira, mwage hapo hapo.

Na ninyi mnaokwenda JKT kwa mujibu wa sheria: dirisha na kambi huangukia msimu mmoja. Kusanyeni vyeti, uhakiki na vitambulisho vya wadhamini kabla ya kuripoti, na muache nakala kwa mtu mmoja nyumbani mnayemwamini. Fomu inaweza kukamilishwa mkiwa kambini kama karatasi zipo. Zisipokuwepo, mtazipigania kwa simu ya kuazima.

## Hatua ya 4: Lipa ada

Mfumo unakupa namba ya malipo ya serikali. Lipa 30,000 benki au kwa simu kupitia menyu ya malipo ya serikali. Fedha hii hairudishwi, uwe umepata mkopo au hujapata.

Kabla ya kubonyeza, angalia jina linalotokea kwenye simu. Lazima liwe la Bodi. Hakuna ada ya mkopo inayotumwa kwenye namba ya mtu binafsi.

Utajua umefaulu ukiingia tena kwenye akaunti na fomu imefunguka kujazwa.

## Hatua ya 5: Jaza taarifa, na useme kweli

Taarifa zako binafsi ni rahisi. Uzito uko kwenye wazazi na shule.

Kazi ya mzazi iandike ilivyo. Mkulima wa ekari moja ni mkulima. Mama lishe ni mfanyabiashara mdogo, usiandike "hana kazi". Bodi hulinganisha taarifa na taasisi nyingine za serikali, na uongo mdogo unaweza kuiangusha fomu ambayo ingepita bila huo uongo.

Shule ulizosoma huchangia kupima uwezo wa familia. Hapa kuna mtego kwa watoto waliosomeshwa na watu wengine. Ulisoma shule binafsi ya gharama kwa sababu kanisa, msikiti, shirika au mjomba alilipa. Mfumo unaona jina la shule, unahitimisha kwamba nyumbani kuna uwezo. Kama hukuambatisha uthibitisho wa ufadhili, huo ndio mwisho wa habari yako. Nenda kwa mfadhili mapema, hasa kama ni taasisi, kwa sababu anayesaini barua huenda yuko safari.

Namba za uhakiki za RITA uziingize kwa kunakili, siyo kwa kumbukumbu. Akaunti ya benki vilevile. Tarakimu moja ikikosewa, fedha zitazunguka hadi ufungue mwaka wa pili.

## Hatua ya 6: Chapisha na kusanya sahihi

Ukimaliza kujaza, mfumo unatoa fomu na mkataba. Chapisha, halafu uanze safari ya sahihi nne: yako, ya mdhamini, ya serikali ya mtaa, kijiji au shehia, na ya kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu.

Mpangilio mzuri ni huu. Anza na mdhamini nyumbani. Msomee anachosaini kwa sauti, hasa kama ni bibi au baba asiyeona vizuri; anaingia kwenye mkataba, ni haki yake ajue. Picha yake ibandikwe mahali pake, isifunike maandishi.

Kisha nenda serikali ya mtaa. Nenda asubuhi, amkia vizuri, na upige simu kwanza, kwa sababu muhuri wa mtaa mara nyingi unatembea na mwenyekiti mwenyewe na ofisi inaweza kuwa wazi bila yeye. Hakikisha vimewekwa vyote vitatu: jina, sahihi na muhuri. Muhuri bila sahihi ni kazi bure.

Mwisho kamishna wa viapo. Ukiwa na nafasi nenda mahakama ya mwanzo iliyo karibu. Wakili binafsi naye anafaa, ila uliza bei kabla.

Kosa linaloangusha wengi kuliko yote: kupandisha ukurasa wa sahihi ambao hauna sahihi mojawapo, au kupandisha kurasa zisizotakiwa na kuacha zinazotakiwa. Miaka ya karibuni kurasa zinazorudishwa kwenye mfumo zimekuwa ya 2 na ya 5, lakini angalia maelekezo ya fomu yako.

## Hatua ya 7: Skani, pandisha, kamilisha

Tumia skana ya steshenari au programu ya kuskani ya simu. Picha ya kawaida yenye kivuli cha kichwa chako haifai. Fungua kila faili baada ya kuskani na ujiulize: mtu asiyenijua anaweza kusoma muhuri huu?

Pandisha kila kiambatisho mahali pake. Cheti cha kifo cha baba kikiingia kwenye sehemu ya cheti cha kuzaliwa, hakuna atakayekihamisha kwa niaba yako.

Halafu bonyeza kitufe cha mwisho cha kuwasilisha. Naomba niseme tena. Kuna watu kila mwaka wanaopandisha kila kitu, wanafurahi, wanafunga kompyuta, na fomu inabaki rasimu hadi dirisha linafungwa.

Utajua umefaulu ukiingia tena siku inayofuata, hali ya maombi ikasomeka yamewasilishwa, na nakala ya fomu unaweza kuipakua. Ichapishe, iweke kwenye bahasha na vyeti vyako.

## Hatua ya 8: Baada ya dirisha kufungwa

Usilale. Fungua akaunti mara moja kwa wiki. Bodi ikikuta fomu ina kasoro, huwapa waombaji muda mfupi wa kurekebisha, na taarifa inakuja kwenye akaunti au simu uliyosajili. Sasa umeona kwa nini namba ya kijana wa steshenari ni hatari.

Wakati huo huo fuatilia udahili. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja ndani ya muda wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Usipothibitisha, Bodi haijui izipeleke wapi fedha zako, na jina lako halitatokea hata kama fomu ilikuwa safi kama theluji ya Kibo.

Majina hutoka kwa awamu. Kukosa ya kwanza hakumaanishi umekosa mkopo. Angalia akaunti yako binafsi, siyo orodha zinazosambazwa WhatsApp.

## Hatua ya 9: Soma ulichopangiwa

Mkopo una vipande, na kila kipande kina njia yake:

- Ada ya masomo inakwenda chuoni moja kwa moja. Unaweza kupangiwa yote au sehemu. Kinachobaki unalipa mwenyewe, na chuo hakitasubiri.
- Chakula na malazi, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, ni hadi 10,000 kwa siku. Zamani ilikuwa 8,500.
- Vitabu na viandikwa ni hadi 200,000 kwa mwaka.
- Mafunzo kwa vitendo ni hadi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56.
- Mahitaji maalumu ya kitivo na utafiti hutegemea kozi.

Kaa na mzazi mpige hesabu ya pengo kabla ya kufika chuoni. Kijana anaona "amepata mkopo", ukoo wote unashangilia, wiki ya kwanza anagundua ada iliyopangwa ni nusu na hostel inataka fedha taslimu. Beba hela ya kujikimu ya wiki kadhaa za mwanzo. Bumu la kwanza lina tabia ya kuchelewa, kwa sababu chuo lazima kwanza kikusajili na wewe usaini.

Umekosa, au umepata kidogo kuliko hali yako? Subiri Bodi itangaze dirisha la rufaa, uiwasilishe kwenye mfumo ule ule. Rufaa nzuri ina karatasi mpya: cheti cha kifo kilichotoka baadaye, fomu ya ulemavu ambayo hukuwa nayo, barua ya mfadhili. Barua ndefu ya kulalamika bila kiambatisho kipya haina kazi. Ukikosa tena, unaweza kuomba mwaka unaofuata ukiwa tayari mwaka wa pili.

## Hatua ya 10: Ukifika chuoni

Jisajili mapema, kisha tafuta dawati la mikopo na umjue afisa wake. Fungua akaunti yako ya SIPA, ambayo inaonyesha ulichopangiwa na kilichotumwa kwa kila kipande.

Kila awamu ya fedha inasainiwa kidijitali. Wewe ndiye unayethibitisha kwamba upo chuoni. Fedha zisizosainiwa kwa wakati zinarudi Bodi, na kuzidai tena ni kazi ya miezi. Ukiwa umesafiri kwa msiba au unaumwa, mwarifu afisa mikopo kabla, kwa maandishi.

Ukitaka kuhama chuo, kubadili kozi au kuahirisha mwaka, pita dawati la mikopo kabla ya kufanya hivyo. Mkopo haukufuati wenyewe. Na matokeo yako hutumwa Bodi na chuo. Ukirudia mwaka kwa kufeli, usitegemee fedha za mwaka huo.

## Kuhusu kurejesha

Ni mkopo, utarejeshwa. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Aliyejiajiri analipa angalau 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikifanya deni lisiishe, iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo usitishwe na hadithi za waliokopa zamani.

Tunza kila taarifa ya SIPA na hati zako za malipo. Ukianza kazi mwambie mwajiri kuwa una mkopo, halafu baada ya miezi michache omba taarifa ya deni na uilinganishe na makato kwenye hati ya mshahara. Kama makato yapo na deni halijapungua, mwandikie mwajiri na Bodi kwa pamoja, ukiambatisha hati hizo za mshahara.